Mteja aliyefichwa na saa nne asubuhi: kisa cha kutayarisha seva za faili kabla ya kuboresha ghala la data, Kisumu

Kisa hiki kilitokea katika hospitali ya binafsi mjini Kisumu. Nimeondoa jina la hospitali, la mtengenezaji wa vifaa na la kila aliyehusika, na maelezo machache ya vifaa nimeyageuza ili mahali pasitambulike. Mfuatano wa mambo nimeuacha kama ulivyokuwa. Nilikuwa mmoja wa watu wawili waliosimamia mifumo pale. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaoambiwa na muuzaji kwamba hakuna kitakachozimika, kisha wanaachiwa seva zao wazitayarishe wenyewe.

## Mazingira

Hospitali ina seva mbili za Linux zinazogawa faili kwenye mtandao. Ni jozi: moja ikianguka, nyingine inachukua anwani yake na kuendelea na kazi. Kwa NFS, njia ya kugawa faili kati ya mashine za Linux, zinahudumia mashine, yaani mfumo wa rekodi za wagonjwa, mfumo wa malipo na hazina ya picha za eksirei na ultrasaundi. Kwa Samba, inayozungumza na Windows, zinahudumia watu: kompyuta za Windows za wodini, mapokezi, famasia na uhasibu.

Seva zenyewe hazihifadhi kitu cha maana ndani yake. Data yote, ambayo wakati huo ilikuwa terabaiti 9, ilikaa kwenye ghala moja, yaani kabati la diski lenye vidhibiti viwili (kompyuta zinazoliendesha), likifikiwa kwa iSCSI, njia ya kufikia diski kupitia mtandao, kwa swichi mbili. Waliojenga mtandao huo kabla yetu waliamua swichi ya kwanza iende kwenye kidhibiti cha kwanza tu, na ya pili kwenye cha pili tu. Kila kidhibiti kilikuwa na anwani mbili, kwa hiyo kila seva ilipaswa kuona njia nne. Huo mpangilio nisingeuchagua, lakini ndio tuliourithi, na mtaona ulivyotaka kutugharimu.

Programu ya ndani ya vidhibiti ilikuwa imefikia mwisho wa kuhudumiwa na mtengenezaji, na diski kubwa tulizohitaji kuongeza hazikutambuliwa na toleo lile. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala kama tuboreshe au tusiboreshe. Muuzaji alitueleza utaratibu: kidhibiti kimoja kinazimwa na kuwekewa toleo jipya huku kingine kikibeba mzigo wote, kisha wanabadilishana. "Watumiaji hawatajua," alisema.

Kwa upande wa ghala lenyewe, maneno hayo ni kweli. Lakini ghala halizungumzi na daktari. Kati ya ghala na daktari kuna mnyororo: iSCSI, kisha multipath inayochagua njia, kisha mfumo wa faili, kisha seva ya NFS, kisha mteja wa NFS (kompyuta inayotumia faili za seva), na mwisho programu yenyewe. Karibu kila mmoja kati ya hao ana saa yake ya kukata tamaa. Ghala likinyamaza nusu dakika, wa kwanza kuchoka kusubiri ndiye atakayeharibu kazi ya wengine wote. Kazi yetu ya wiki tatu ilikuwa kutafuta saa hizo moja moja, tujue kila mmoja atavumilia muda gani.

## Wiki tatu kabla

Tulianza na amri ya `multipath -ll`. Seva ya kwanza ilionyesha njia nne, zote zimeandikwa active ready running. Seva ya pili ilionyesha mbili nzima na mbili zimeandikwa failed faulty. Zilizokufa zote zilipitia swichi ya pili.

Nilienda nyuma ya raki na tochi ya simu. Kebo ilikuwa ndani ya tundu lake, na ukiitazama kwa haraka ungeapa imekaa sawa, ila taa ya tundu haikuwaka. Niliigusa kwa ncha ya kidole ikarudi nyuma kama milimita mbili. Ule ulimi mdogo wa plastiki unaoibana ulikuwa umekatika, na juu ya ganda la kebo kulikuwa na matone ya rangi ya krimu, rangi ileile ya ukuta. Chumba kilipakwa rangi mwezi uliotangulia na raki ikavutwa mbele ili ukuta ufikiwe.

Tafsiri yake ni kwamba kwa muda wa mwezi mzima seva ya pili haikuwa na njia yoyote ya kufika kwenye kidhibiti cha pili. Kama tungeanza kuboresha tukiwa hatujaangalia, kidhibiti cha kwanza kikizimwa, seva ile ingebaki haina diski kabisa. Na hakuna kengele iliyolia, kwa sababu mfumo wetu wa ufuatiliaji uliuliza maswali mawili tu: seva iko hai? Diski imejaa? Swali la njia halikuwemo. Tulibadilisha kebo kwa dakika tano, kisha tukatumia alasiri nzima kuongeza swali hilo.

Baada ya hapo tukaingia kwenye saa za kusubiri, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mafundi wengi wanapopita mbio.

Kwa kawaida iSCSI husubiri sekunde 120 kabla ya kukubali kwamba njia imekufa na kurudisha kosa juu. Kwa mashine yenye njia moja, hilo ni jambo jema. Kwa mashine yenye multipath ni kinyume, kwa kuwa kwa dakika mbili nzima maombi yanaganda kwenye njia iliyokufa ilhali nyingine iko pembeni, nzima kabisa. Tukashusha hadi sekunde 15. Tulibadilisha `/etc/iscsi/iscsid.conf`, tukaanzisha huduma upya, na mwenzangu akataka tupige mstari kwenye orodha. Nikamwomba tuhakikishe kwanza. `iscsiadm -m session -P 2` ikatuonyesha 120 palepale. Faili lile linahusu njia zitakazogunduliwa baadaye. Zilizokwisha kusajiliwa zina rekodi zao, na lazima uzisahihishe moja moja kisha utoke na kuingia upya. Tulifanya hivyo njia moja baada ya nyingine, tukisubiri kila moja irudi kabla ya kugusa inayofuata.

Saa ya pili ni ya multipath: njia zote zikipotea kwa pamoja, ifanye nini? Seva moja ilikuwa imeambiwa irudishe kosa papo hapo. Nyingine iliambiwa ipange foleni milele. Seva za jozi, zilizopaswa kuwa pacha! Ya kwanza ingepeleka kosa kwenye ext4, mfumo wetu wa faili, na ext4 yetu ilipangwa ijigeuze ya kusoma tu inapokutana na kosa, jambo ambalo ni sahihi kwa usalama wa data lakini lingesimamisha hospitali kwa sababu ya mkatiko wa sekunde chache. Ya pili ina hatari yake: ghala lisiporudi, michakato inaganda katika hali ambayo hata `kill -9`, amri ya kuizima kwa nguvu, haiigusi, na seva haizimiki vizuri ili mwenzake achukue nafasi. Tulichagua kati: `no_path_retry` ikawa 60, na ukaguzi wa njia kila baada ya sekunde 5. Sitini mara tano ni sekunde 300, yaani dakika tano za subira, kisha kosa lijulikane.

Kwa ufupi, kwa kila njia moja moja tulitaka haraka, na kwa ghala lote tulitaka uvumilivu. Mwenzangu alipinga mwanzoni, akisema tunapunguza muda huku na kuuongeza kule bila mantiki. Nilimchorea mnyororo kwenye ubao mweupe ndipo tukaelewana, na tangu hapo mchoro ule ndio ninaoanza nao kila ninapofundisha jambo hili.

## Orodha ya wateja

Upande wa wateja, swali ni moja: wamepachika folda, yaani wameiunganisha kwenye kompyuta zao, kwa hard au kwa soft? Mteja wa hard, seva ikinyamaza, anasubiri hadi irudi. Anaandika kwenye kumbukumbu kwamba seva haijibu na bado anajaribu, na seva ikirudi anaandika OK na kuendelea alipoishia. Mteja wa soft anajaribu mara chache kisha anairudishia programu kosa. Kama programu iliandikwa bila kujali makosa ya kuandika faili, unabaki na faili nusu na hakuna anayejua.

Kuwapata wateja tulianza na `showmount -a`. Orodha yake haiaminiki: inatokana na maandishi ya zamani ya seva, na wateja wa toleo la 4 la NFS hawamo kabisa. Tukaiacha, tukaangalia miunganisho halisi kwenye poti ya 2049 kwa `ss`. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tulipata wateja sita. Tulikwenda kwa kila mmoja, tukaendesha `nfsstat -m`, tukakuta wote ni hard na muda wao ni ule wa kawaida wa sekunde 60. Nikaandika kwenye daftari la kazi: wateja wote wamekaguliwa.

Neno "wote" nililiandika mimi. Nitalirudia chini.

## Mazoezi

Wiki mbili kabla tulifanya mazoezi usiku. Tulichomoa kebo kweli, hatukuiga kwa amri, na maombi yakasimama sekunde 17 kisha yakapita njia ya pili. Hilo tulilitarajia.

Tusilolitarajia lilikuja tulipohamisha huduma kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili. Wateja walipata ujumbe wa Stale file handle na kila folda ikakataa kufunguka. Mteja wa NFS hashiki jina la faili. Anashika kitambulisho ambacho ndani yake mna alama ya mfumo wa faili. Alama hiyo huwekwa kwa `fsid` kwenye `/etc/exports`, na mtu fulani zamani aliandika 1 kwa folda ya picha kwenye seva moja na 2 kwenye nyingine. Kwa mteja, seva ya pili ilikuwa ikizungumza habari za diski asiyoijua. Tulilinganisha mafaili mawili mstari kwa mstari, tukasawazisha, wateja wakapachika upya, tukarudia zoezi mara tatu. Jozi ile ilikuwa imekaa miaka kadhaa ikiitwa kinga yetu.

Bakapu nayo ilikaguliwa kwa kurejesha, maana kusoma kwamba kazi ya usiku imefaulu hakutoshi. Tulirejesha folda ya uhasibu mahali pembeni. Faili zote zilikuwepo, lakini ruhusa za kina zilikuwa zimepotea, kwa sababu `rsync -a`, amri tuliyonakilia, peke yake hainakili ACL, yaani orodha za ruhusa hizo. Lazima uongeze `-A`, na `-X` kwa sifa za ziada. Kama tungelazimika kurejesha kwa dharura, kila karani aliye kwenye kikundi cha uhasibu angeweza kufungua faili za mishahara.

Tukanakili upya kila kitu kwenye diski za pembeni. Kwa mtandao wa gigabiti moja, unaopitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, terabaiti 9 zinahitaji karibu saa 23. Tuligawa kwa usiku tatu. Diski hizo tulizisimba kabla ya kuweka hata faili moja na kuzifungia kwenye kabati la chuma. Hizo ni rekodi za wagonjwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, zikiangukia mikononi mwa asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli kwa wenye taarifa, hospitali ina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na hata bila sheria hiyo, mtu aliyemweleza daktari ugonjwa wake hakutuambia sisi tuubebe kwenye diski isiyofungwa.

## Maamuzi ya siku na saa

Muuzaji alipendekeza Jumamosi jioni. Tulikataa. Katika msimu wa mvua, radi za hapa huja mara nyingi alasiri na jioni, na umeme hucheza. Jenereta ipo, UPS ipo, lakini kidhibiti kilicho katikati ya kuandikiwa programu mpya si kitu cha kukijaribia jenereta. Mwisho wa mwezi nao tuliufunga, kwa kuwa uhasibu huwa unakusanya madai ya bima.

Nilimwendea msimamizi wa wauguzi wa kitengo cha dharura.

"Sista, faili zikisimama dakika mbili usiku, mtaumia?"

"Dakika mbili usiku tunavumilia. Lakini saa moja asubuhi tunapokeana zamu, kila mtu anafungua rekodi. Hapo tafadhali msiguse kitu."

"Na wikendi usiku mnakuwa na kazi nyingi?"

"Jumamosi usiku ni ajali za boda boda. Zikipungua, ni kuanzia saa tisa hivi."

Hivyo tukaweka Jumapili, saa tisa usiku. Tulikubaliana pia kwamba kabla ya kuanza kidhibiti cha pili tutasimama na kukagua njia zote, na kama saa kumi na moja itatukuta hatujakianza, tutampigia daktari wa zamu tupange naye upya kabla ya kugusa lolote.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa kukataa. Kuna skana ya zamani mapokezi inayojua toleo la kwanza tu la SMB (lugha ya Windows ya kugawana faili, ambayo ndiyo Samba huzungumza), lile ambalo Windows yenyewe iliacha kuliweka kwa kawaida mwaka 2017. Mkuu wetu alitaka tulifunge usiku huohuo, kwa kuwa "tutakuwa tumeshafungua mashine." Nilimsihi tusichanganye. Kitu kikiharibika alfajiri, nilitaka kuwe na mshukiwa mmoja. Alikubali.

## Alfajiri ya Jumapili

Mhandisi wa muuzaji aliunganishwa kutoka Nairobi akishughulikia ghala. Seva tulizishika sisi. Kwenye mteja mmoja tuliacha kitanzi kidogo, yaani programu inayojirudia, kinachoandika saa kwenye faili la NFS kila sekunde. Pengo kati ya mistari miwili ndilo kipimo chetu cha ukimya, na ni kipimo cha kweli zaidi kuliko grafu yoyote ya ghala, kwa sababu kinapima kile anachokiona mtumiaji.

Saa tisa na dakika ishirini kidhibiti cha kwanza kilizimwa. Njia nne zikawa mbili kwenye seva zote. Pengo: sekunde 11. Saa kumi kasorobo kilirudi na toleo jipya, njia zikawa nne tena, tukakagua kila kitu na kunywa chai.

Saa kumi na nusu ikaja zamu ya kidhibiti cha pili. Mistari ya saa ikasimama. Sekunde 10, 20, 30. Kwenye kumbukumbu za seva, njia mbili zilikuwa zimekufa kama ilivyotarajiwa, lakini hata zile mbili za kidhibiti kilichokwisha kuboreshwa zilikataa maombi. Mwenzangu alinishika bega bila kusema neno. Wateja waliandika kwamba seva haijibu, bado wanajaribu. Kisha, kwenye sekunde ya 52, mistari ikaendelea, na ujumbe wa OK ukashuka mmoja baada ya mwingine.

Mhandisi alitueleza baadaye kwamba kidhibiti kilichokwisha kuboreshwa kilichelewa kupokea umiliki wa diski zote kwa mkupuo. Seva ya kwanza, ingebaki na mpangilio wake wa zamani wa kurudisha kosa papo hapo, ingejigeuza ya kusoma tu hapohapo. Zile dakika tano za subira ndizo zilizotubeba.

Saa kumi na moja na robo kazi iliisha. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa vitengo kwamba tumemaliza salama.

## Simu ya saa kumi na mbili

Saa kumi na mbili na dakika ishirini, mpiga picha za eksirei wa zamu alipiga simu.

"Kaka, picha za mashine ya magurudumu zinafunguka nusu. Juu mbavu zinaonekana, chini ni nyeusi tupu. Nilidhani nimekosea mimi. Mgonjwa mmoja nimeshampiga tena."

Niliyasikia maneno ya mwisho kuliko mengine yote.

Kumbe kulikuwa na mteja wa saba. Kompyuta ndogo, iliyofungwa na waliouza ile mashine ya eksirei ya magurudumu, hupokea picha zake na kuziandika kwenye hazina yetu kwa NFS toleo la 4. Folda ilipachikwa na autofs, yaani inapachikwa kazi ikija na kuachiwa ikikaa kimya. Mchana wagonjwa hupelekwa kwenye chumba kikubwa cha eksirei. Mashine ya magurudumu hufanya kazi usiku na wikendi, kwenye dharura na wodini. Jumanne saa nne asubuhi haikuwa na muunganisho wowote wa kuonekana. Nayo ilipachikwa kwa soft, ikiwa imeambiwa ikate tamaa ndani ya nusu dakika. Sekunde 11 ilizivuka bila shida. Sekunde 52 zilimkuta mpiga picha ametuma kwa mkupuo picha alizopiga usiku ule.

## Matokeo

Mashine yenyewe hutunza nakala za picha zake kwa siku kadhaa, na hilo ndilo lililotuokoa. Tuliituma upya kila picha iliyopigwa tangu saa sita usiku, tukalinganisha ukubwa wa kila faili na nakala iliyo kwenye mashine. Mpiga picha alikuwa ameona tatu zilizokatika. Tulikuta na ya nne, ya mgonjwa wa wodini, ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. Kabla ya kupokeana zamu zote zilikuwa nzima. Hakuna data iliyopotea, na hakuna kompyuta ya wodi iliyolalamika. Windows kwa kawaida huivumilia seva ya faili hadi sekunde 60, na 52 zilipita chini yake kwa tofauti ndogo mno kuliko ningependa.

Lakini mtu mmoja aliyeletwa na ajali alipigwa eksirei ya kifua mara mbili pasipo sababu ya kitabibu. Dozi ya picha moja ya kifua ni ndogo. Hata hivyo kanuni ya eksirei ni kwamba mgonjwa asipate hata kidogo asichokihitaji, na alichopata cha ziada kilitoka kwetu. Tulimweleza mkuu wa kitengo cha eksirei siku hiyohiyo, na daktari akamweleza mgonjwa. Mpiga picha nilimfuata mwenyewe nikamwambia kosa halikuwa lake.

## Uchambuzi

Kilichofaulu kilifaulu kwa sababu tulikigusa. Kebo tuliigusa kwa kidole, bakapu tuliirejesha, huduma tuliihamisha, muda wa iSCSI tuliusoma kwenye miunganisho iliyo hai badala ya kuuamini kwenye faili la mpangilio. Katika kila moja ya hayo, karatasi ilisema mambo ni sawa na hayakuwa sawa.

Kilichoshindikana ni orodha. Tulipiga picha moja ya mtandao, saa moja, siku moja, tukaiita hali ya mtandao. Hospitali ina usiku, ina wikendi, ina mwisho wa mwezi. Vifaa vyake huamka kwa zamu kama watu wake. Tulichopaswa kufanya ni rahisi hadi inaniuma: kuandika miunganisho ya poti 2049 kila dakika kwa wiki nzima, kisha kusoma majina. Siku nane baadaye tulifanya hivyo. Mteja wa saba alionekana usiku wa kwanza kabisa. Kwenye seva zenye kerneli (kiini cha Linux) ya 5.3 kwenda juu kuna pia `/proc/fs/nfsd/clients`, inayowaonyesha wateja wa toleo la 4 waliopo wakati huo, lakini nayo inahitaji kusomwa mara kwa mara.

Kuna kosa la pili chini ya hilo, nalo ni la watu. Nilimuuliza sista kuhusu rekodi, nikawauliza uhasibu kuhusu madai. Chumba cha eksirei sikwenda, kwa kuwa seva yao kuu ilikuwa kwenye orodha na nilidhani nimewamaliza. Swali moja kwa mpiga picha wa usiku, "unatumia mashine gani, na picha zinakwenda wapi?", lingetosha.

La tatu ni ule ujumbe wangu wa WhatsApp. Niliandika "salama" baada ya kukagua seva, nikiwa sijafungua hata picha moja iliyoandikwa ndani ya zile sekunde 52. Kama tungetafuta faili zote zilizoandikwa katika pengo lile na kuzikagua kabla ya kutangaza, tungempigia mpiga picha sisi kabla hajampiga mgonjwa mara ya pili. Sasa hatua hiyo imo kwenye orodha yetu, na kitanzi cha saa ndicho kinachotupa mipaka ya muda wa kutafuta.

Kuhusu ile kompyuta ndogo, jibu la haraka ni kuibadilisha iwe hard, nasi tulifanya hivyo kwa siku za mwanzo. Waliouza mashine walipinga, kwa hoja kwamba skrini itaganda mtandao ukisumbua na mhudumu atadhani mashine imekufa. Hoja yao ina uzito. Mtu aliyesimama na mgonjwa anayevuja damu hawezi kungoja NFS. Tulikubaliana njia nyingine: picha inaandikwa kwanza kwenye diski ya kompyuta hiyo, kisha kazi ya nyuma inaihamisha kwenye hazina kwa jina la muda, na jina halisi linawekwa baada ya faili kufika zima na kulinganishwa. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa faili hufanyika kwa pigo moja, kwa hiyo daktari ama haioni picha ama anaiona yote.

Swichi nazo tumeziunganisha upya, kila moja sasa inafika kwenye vidhibiti vyote viwili. Skana ya mapokezi ilibadilishwa miezi miwili baadaye, na toleo la kwanza la SMB likafungwa usiku wake peke yake.